Mti wa Urithi na Kisa cha Nomino 'Kiboko': Mchango wa Ngeli katika Utunzi wa Programu za Tarakilishi

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili amewahi kuchora mti. Huanza na S juu ya ukurasa, akaigawa katika kikundi nomino na kikundi tenzi, kisha akateremka hadi kwenye maneno yenyewe. Wenzetu wa sayansi ya tarakilishi nao huchora mti uliopinduliwa vivyo hivyo, mzizi juu na majani chini, ila wao huutumia kwa jambo jingine. Makala haya yanadhamiria kuueleza mti huo na kuonyesha, kwa mifano ya ngeli zetu, mahali unapofaa na mahali unapokwama. Suala hili linatuhusu. Programu ya kusahihisha maandishi ya Kiswahili, au ya kumfundisha mgeni upatanisho wa kisarufi, sharti ibebe mpango fulani wa nomino. Mpango huo ukikosewa, kosa moja la mtunzi huwa kosa la kila mtumiaji.

Aina na Urithi

Katika utunzi wa programu unaozingatia vitu, mtunzi huanza kwa kueleza aina. Aina hutaja sifa ambazo kila kitu kilichomo kitakuwa nazo, na matendo ambayo kitaweza kuyafanya. Dhana hii ilichipuka nchini Norwe katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya programu iitwayo Simula. Toleo lake la 1967 liliruhusu aina moja kujengwa juu ya nyingine, ikapokea yote yaliyokwisha kuelezwa. Huo ndio urithi.

Tuseme tumeunda aina iitwayo NOMINO, yenye matendo mawili: kutoa umbo la wingi na kutoa kiambishi cha upatanisho. Chini yake tunaweza kupanga hivi:

NOMINO
— A-WA: mtu, mkulima
— KI-VI: kiti, kitabu
— — CH-VY: chombo, chakula

Aina ya KI-VI hugeuza ki- kuwa vi- katika wingi, na hupatanisha kwa ki- na vi-. Aina ya CH-VY ni mwana wake. Nayo hubatilisha tendo moja tu, lile la wingi, kwa kuwa chombo huwa vyombo. Upatanisho haielezi upya, bali huurithi kwa mzazi: chombo kimevunjika, vyombo vimevunjika. Hapa ndipo penye faida ya mti. Kanuni huandikwa mara moja, karibu na mzizi iwezekanavyo, na kila tawi huandika tu kile kinacholitofautisha na mzazi wake.

Ni vyema kutofautisha mti huu na ule wa sentensi. Katika mti wa sentensi, kikundi nomino ni sehemu ya sentensi wala si namna ya sentensi. Katika mti wa urithi, kila mwana ni namna ya mzazi wake: CH-VY ni KI-VI, na KI-VI ni NOMINO. Kwa hiyo kipimo cha kila tawi ni kitenzi kishirikishi 'ni'. Iwapo hatuwezi kusema 'ni' bila kusitasita, tawi hilo limepachikwa pasipo pake.

Kiboko Ataka Wazazi Wawili

Sasa tumwingize kiboko. Tukimweka chini ya KI-VI, programu itatoa wingi sahihi, viboko, lakini itaandika *viboko vimelala mtoni. Tukimhamishia A-WA, itapatanisha ipasavyo, walakini itamzulia wingi wa *waboko. Kiboko ana umbo la ngeli moja na upatanisho wa nyingine. Wala hayuko peke yake: kipofu, kijana, kiongozi na kifaru wamo safarini naye.

Jawabu la haraka ni kumpa wazazi wawili. Hata hivyo, wazazi wote wawili wanayo matendo ya wingi na upatanisho. Je, atamfuata nani? Lugha za programu zimejibu kwa njia mbalimbali. Java, iliyotolewa mwaka 1995, hukataa katakata: kila aina ina mzazi mmoja tu, isipokuwa ile ya mzizi isiyo na mzazi. C++ hukubali wazazi wengi, lakini pakitokea utata humlazimu mtunzi aseme waziwazi anataka tendo la nani. Python nayo huwapanga wazazi foleni. Aliyetajwa kwanza akiwa na tendo linalotakiwa, wa pili haulizwi. Kwa kiboko, foleni hiyo haisaidii. KI-VI ikitangulia, upatanisho huharibika. A-WA ikitangulia, wingi huharibika.

Mtunzi wa Java anaweza kubuni tawi jipya, KI-VI ya viumbe hai, na kunakili humo kanuni ya upatanisho wa A-WA. Kesho atamkuta waziri, ambaye wingi wake ni mawaziri. Kesho kutwa mtume, ambaye wingi wake ni mitume. Kisha ng'ombe, asiyebadilika kamwe. Wote hupatanishwa kwa a- na wa-. Kila umbo litahitaji pacha wake wa viumbe hai, na kanuni ileile itanakiliwa kila mahali. Siku ikirekebishwa pamoja na kusahauliwa pengine, programu itajipinga yenyewe.

Kutoka 'Ni' hadi 'Ina'

Mwaka 1994 Erich Gamma na wenzake watatu walichapisha kitabu Design Patterns, kilichowahimiza watunzi wapendelee kuunganisha vitu kuliko kurithisha aina. Tukiufuata ushauri huo, tunaacha kusema kwamba nomino kiboko ni KI-VI au ni A-WA. Badala yake tunasema: kiboko ni nomino, ina umbo la KI-VI, ina upatanisho wa A-WA. Mti mmoja mkubwa unageuka kuwa miti miwili midogo, mmoja wa maumbo na mwingine wa upatanisho, na kila nomino huchuma tunda moja kutoka kila mti. Waziri, mtume na ng'ombe hutofautiana katika mti wa kwanza na kukutana katika wa pili. Kanuni ya a- na wa- inabaki mahali pamoja.

Hitimisho

Msomaji atakuwa ameutambua mjadala wetu wa siku nyingi: je, ngeli ziainishwe kwa kigezo cha umbo au cha upatanisho? Kwa mtunzi wa programu, mshindi hahitajiki, kwani vigezo vyote viwili ni lazima virekodiwe kwa kila nomino. Anachokosa mara nyingi si ujuzi wa tarakilishi bali mtu wa kumwambia mapema kwamba kiboko ana pande mbili. Mtu huyo ni mwanafunzi wa Kiswahili. Tusingoje programu ikamilike ndipo tucheke makosa yake. Tuketi na wenzetu wa tarakilishi wakati mti ungali unachorwa. Samaki mkunje angali mbichi.