Friji Haili Gesi

"Fundi, friji yangu imeacha kugandisha. Kujaza gesi ni shilingi ngapi?"

Swali hili hunifikia kwa simu, kwa ujumbe, nje ya msikiti baada ya swala, na hata msibani. Anayeuliza hataki kujua friji yake ina nini. Hilo ameshaliamua mwenyewe. Anachotaka ni bei. Na kwa kuwa mafundi walio tayari kumtajia bei kabla hawajafungua hata mlango wa friji wamejaa kila mtaa, imani hii inazidi kuota mizizi. Nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Leo naijibu kwa wote.

Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Friji si gari, na gesi yake si petroli. Kile kiasi kilichowekwa kiwandani kimefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa kila upande. Kompresa inaisukuma gesi, inatoa joto lake nyuma au ubavuni mwa friji na kugeuka maji, inapenya kwenye kijibomba chembamba, inachemka na kuwa mvuke ndani ya friza huku ikinyonya joto la nyama na maziwa yako, kisha inarudi kwenye kompresa kuanza upya. Ni gesi ileile, kiasi kilekile, inazunguka usiku na mchana. Hakuna mahali inapoungua. Friji iliyotunzwa inaweza kufanya kazi miaka 15 na zaidi kwa gesi iliyotoka nayo kiwandani. Anayekuambia kuwa friji yako inahitaji gesi kila mwaka anakudanganya, au yeye mwenyewe alidanganywa na aliyemfundisha kazi.

Basi kama gesi imepungua kweli, sababu ni moja tu: kuna tundu. Na kama kuna tundu, gesi utakayoilipia leo itatokea palepale ilipotokea ile ya kwanza. Fundi anayesema "gesi imeisha" na asikuonyeshe imetokea wapi, kazi yenyewe hajaianza.

Hapo ndipo ninapopingwa. "Lakini fundi, mwaka jana nilijaziwa gesi na friji ikapona." Najua ilipona. Ngoja nikueleze ilivyopona, maana ni hapa watu wengi wanapoliwa pesa zao.

Friji nyingi za milango miwili zinazouzwa siku hizi ni zile zisizoota barafu ukutani, zinazoitwa nofrosti. Koili ya baridi haionekani; imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza. Kuna feni inayovuta hewa baridi kutoka kwenye koili hiyo, nyingine inabaki kwenye friza, nyingine inashuka kwa njia maalumu hadi chini kwenye mboga na maziwa. Kila mnapofungua mlango, unyevu wa hewa ya nje unaingia, unaifuata koili na kuganda juu yake. Waliotengeneza friji walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka hita inayowaka kila baada ya saa kadhaa na kuiyeyusha barafu hiyo. Maji yanashuka kwenye kitrei kilicho karibu na kompresa na kukaukia huko.

Sasa hita ikiungua, au kitambuzi chake cha joto kikifa, au saa inayoiamuru iwake ikikwama, barafu haina wa kuiyeyusha. Inajaa siku hadi siku, inafunika koili nzima, inaziba njia ya hewa, wakati mwingine inaikamata na feni. Dalili zake hazifichiki: juu nyama bado ni ngumu, chini maziwa yanachacha. Gesi ipo yote, gramu kwa gramu. Kilichokosekana ni njia ya baridi kupita.

Tazama kinachofuata. Fundi anaitwa, anashika mabomba ya nyuma, anatikisa kichwa, anasema iende karakana. Friji inachomolewa, inapakiwa kwenye guta, inakaa karakana siku mbili mlango ukiwa wazi. Barafu yote inayeyuka. Fundi anaongeza gesi isiyohitajika, anaiwasha, baridi inatoka. Friji inarudi nyumbani, inagandisha, kila mtu anafurahi na pesa inalipwa. Baada ya wiki mbili tatu koili imejaa barafu tena, maziwa yanachacha tena, na mwenye friji ananipigia kulalamika kwamba ile gesi ilikuwa feki. Haikuwa gesi iliyoiponya friji yako, ndugu yangu. Ni zile siku mbili za kuzimwa, na hizo ungezipata bure sebuleni kwako.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu yeyote, fanya hivi. Toa vyakula, chomoa friji ukutani, acha milango yote wazi saa 24, tandika matambara chini, kisha iwashe. Ikipoa vizuri siku kadhaa halafu ikarudia ugonjwa uleule, gesi iko salama. Mwambie fundi apime hita, kitambuzi na saa au saketi inayoviongoza. Hita hupimwa kwa mita, na kuipima kwenyewe hakuchukui muda. Bei ya hita mpya mara nyingi ni ndogo kuliko ya hiyo gesi unayojaziwa kila mara.

Wengine husema, "Hata kama haikuhitajika, gesi ya ziada ina ubaya gani?" Ubaya wake ni mkubwa, na huu ndio unaonikera zaidi.

Ili kuingiza gesi, fundi hulazimika kufungua mfumo uliokuwa umefungwa tangu kiwandani na kuweka kimdomo cha kujazia. Kimdomo kile kikiachwa na vali legevu badala ya kubanwa na kuchomelewa, hapo ndipo gesi itakapoanza kuvujia. Friji isiyokuwa na tundu sasa inalo. Halafu kuna kipimo. Geuza macho kwenye kibandiko kilicho ndani ya friji yako au nyuma karibu na kompresa: utaona jina la gesi na uzito wake. Friji za kisasa za nyumbani zenye R600a mara nyingi huwekwa kati ya gramu 30 na 80, friji nzima. Kwa kiasi kidogo hivyo, kuzidisha gramu 10 ni kosa kubwa. Fundi asiye na mzani, anayejaza kwa kusikiliza mlio na kugusa bomba, anabahatisha. Gesi ikizidi, sehemu yake hurudi kwenye kompresa ikiwa bado ni maji, na kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke, si maji. Mezani kwangu kazini kuna kompresa niliyoipasua ili vijana ninaowafundisha waone: ndani yake kibamba chembamba cha vali kimevunjika vipande viwili, na bomba la kurudishia gesi bado lina mstari wa kutu unaoonyesha pale lilipokuwa likiganda na kutoa jasho kila siku kwa gesi iliyozidi. Friji ile ilipelekwa kujazwa gesi kwa sababu mpira wa mlango ulikuwa umechanika.

Halafu kuna aina ya gesi. Zamani friji zilitumia R12, na dunia ikaafikiana kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kuachana na gesi za aina hiyo kwa sababu zinakula tabaka la ozoni. Ikaja R134a, ambayo haigusi ozoni lakini kilo yake moja hupasha angahewa joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo ya hewa ya ukaa, ndiyo maana Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, nchi zilikubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake. Friji mpya nyingi sasa zinakuja na R600a. Fundi anayeifyatulia R134a hewani uani kwako ili "asafishe mfumo" anafanya uharibifu usiokuwa na sababu. Na anayeweka R134a kwenye friji ya R600a anaiua kompresa, kwa kuwa kompresa za gesi hizo mbili hazikuundwa kwa kazi moja.

R600a ni isobutani, nasaba moja na gesi ya kupikia. Inawaka. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Nimekuta fundi akiwasha moto wa kuchomelea jikoni, madirisha yamefungwa, mfumo haujamaliza kutoa gesi, na watoto wamesimama nyuma yake wakitazama. Mtoe nje huyo. Na ukimwona anakuja na mtungi wa gesi ya kupikia akisema "zote ni zilezile", mtoe pamoja na mtungi wake. Gesi ya jikoni ni mchanganyiko wenye mgandamizo tofauti, na haijasafishwa kwa ajili ya kompresa.

Je, gesi haipungui kabisa? Hupungua, na mara nyingi mkosaji ni kisu. Friji na friza za kawaida, zile zinazoota barafu ukutani, koili yake ni ya alumini laini iliyo chini tu ya ile barafu. Samaki ameng'ang'ania, mgeni yuko mlangoni, mtu anachukua kisu au bisibisi na kubandua. Unasikia sauti ya kupuliza kwa sekunde chache, basi. Huko pwani chumvi ya hewani nayo hula mabomba na maungio taratibu. Gesi ikiwa pungufu kweli, kompresa hainyamazi hata usiku, mahali friji inapotolea joto hapapati moto kama zamani, na barafu hutanda kwenye kona moja tu ya koili huku kwingine kukiwa kukavu. Penye tundu aghalabu pana alama ya mafuta. Matibabu yake yana hatua zinazojulikana: kutafuta tundu kwa mgandamizo wa naitrojeni na povu la sabuni, kuliziba, kubadilisha kichujio, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, kisha kuingiza gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa mzani. Unyevu ukibaki huganda kwenye mdomo wa kile kijibomba chembamba na kukiziba, nawe utaambiwa gesi imeisha tena. Fundi wako asiye na pampu wala mzani, muulize atavikodi wapi kabla hajagusa kitu.

Yaliyobaki nayataja haraka, kwani ndiyo yanayozisumbua friji nyingi kuliko gesi.

Umeme kwanza. Friji zetu zinataka volti 230 hivi. Jioni, mtaa mzima ukiwasha vyombo, nyumba za mwisho wa laini hupata umeme hafifu. Kompresa inajaribu kuwaka, inanguruma, inakatika kwa mlio wa "tak", inatulia dakika chache, inajaribu tena. Huo ni umeme au ni rilei ya kuwashia. Pima volti wakati huo wa jioni, si saa nne asubuhi. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa inahitaji dakika tatu hadi tano mgandamizo usawazike ndani ya mabomba kabla ya kuwaka tena. Kikasha cha kulinda friji kinachochelewesha umeme ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Umeme ukiwa mdogo kila siku, nunua stabilaiza yenye uwezo wa kubeba mshtuko wa kuwaka kwa kompresa.

Mpira wa mlango: banisha noti ya karatasi, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukunjue, na kama umechanika ubadilishe. Zunguka mlango wote, maana hulegea zaidi upande wa chini.

Joto la ubavuni si ugonjwa. Friji nyingi za sasa hutolea joto ubavuni. Ondoa kile kitambaa cha mapambo kinachoning'inia pande zote, toa nailoni ya dukani, acha nafasi ya shubiri nyuma na pembeni, na usiiweke karibu na jiko. Kitufe chenye namba: kwa friji nyingi namba kubwa ni baridi zaidi, lakini soma kitabu chake. Lengo ni nyuzi 4 au chini kidogo kwa chakula, na 18 chini ya sifuri kwa friza. Nunua kipimajoto, acha kubishana. Usiweke sufuria ya maharage ya moto, na usizibe matundu ya hewa kwa mifuko.

Unanunua mpya? Tafuta kwenye kibandiko herufi za tabaka la hali ya hewa. N imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar chukua T, na ukiona SN au N peke yake, iache dukani hata ikiwa na punguzo. Chagua R600a. Kompresa ya inveta hutumia umeme kidogo na huanza polepole, lakini saketi yake haipendi umeme unaorukaruka, kwa hiyo ilinde. Kama umeme wenu hukatika kwa saa nyingi, friza ya kawaida yenye kuta nene itakutunzia nyama kuliko nofrosti nzuri. Ya mtumba, idai iwashwe dukani na uisubiri saa mbili nzima. Kagua kama kompresa ina kimdomo cha kujazia, na kama kipo uliza kilifuata nini. Ikilazwa njiani wakati wa kuibeba, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuichomeka, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.