Corvette ya 1953: Chungulia chini kabla ya kulipa

Chevrolet Corvette ya 1953, gari la Marekani la viti viwili na paa la turubai la kukunja, iliuzwa mpya kwa dola 3,498. Mwaka huo yaliundwa 300 tu mjini Flint, Michigan, yote meupe yenye viti vyekundu. Kutokana na uhaba huo, yaliyotunzwa vizuri yamekwisha kuvuka dola 100,000 mnadani.

Hata hivyo, mnunuzi asihadaike na rangi. Bodi ya faibaglasi haishiki kutu, lakini fremu ya chuma iliyo chini yake hushika. Injini ya awali, ya silinda sita, ikiwa imebadilishwa, bei hushuka.

Tena gari si hisa, halitoi gawio. Bima, banda na fundi hudai kila mwaka. Faida huonekana siku ya kuuza.