Majani Yaliyosimamisha Baraji: jasinti ya maji na sisi watu wa Aru



Mu filamu za kutisha kuko hadithi inarudia mara mingi: mmea wenye akili unakomaa ndani ya izini, unafunga milango, watumikaji wanarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wanakimbia. Vijana wananiuliza, juu nilisoma agronomia, kama ile jambo inawezekana. Kurudisha watumikaji nyuma, ndiyo, ilishafanyika, na si mbali na kwetu. Akili, tutaona.

Kule Jinja, Uganda, pahali Nile inatoka mu ziwa Victoria, kuko baraji ya Owen Falls, iliyofunguliwa mwaka 1954, leo inaitwa Nalubaale. Mwaka 1989 watu walianza kuona upande wa Uganda wa ziwa majani yenye maua ya zambarau, mazuri kweli: jasinti ya maji. Kwao ni Amerika ya Kusini, mu bonde la Amazoni. Miaka tisa kisha, mwaka 1998, upande wa Kenya peke yake, mu ghuba ya Winam karibu na Kisumu, ilifunika ekta karibu 17.000.

Sasa muelewe namna inashinda baraji. Majani haishikame chini. Inaelea, mizizi inasokotana, inakuwa sawa kisiwa, na upepo unaisukuma. Maji yanayoenda kwenye turbini yanapitia kwanza kwenye vyuma vya kuchuja uchafu. Kisiwa kikifika pale, kinaziba vyuma, maji yanapunguka, na turbini inapashwa kusimamishwa ili watu waondoe ile takataka. Wanasafisha leo, kesho upepo unaleta ingine. Umeme unakatika Kampala juu ya majani! Na kwa bandari ilikuwa vilevile: Kisumu na Port Bell masua zilishindwa kuegama. Wavuvi waliacha mitego yao chini ya ile blanketi, na mule ndani nyoka na konokono za bilharzia zilipata nyumba.

Je, hiyo ni akili? Haina ubongo, lakini angalieni vile inafanya. Ikiwa peke yake kwenye maji wazi, vikonyo vyake vinavimba kama mpira, vifupi, ili ielee vizuri. Ikibanana na zingine, vilevile vikonyo vinakuwa virefu na vyembamba, kila mmoja anagombania jua. Inazaa kwa mbegu na pia kwa kutoa watoto pembeni. Mu maji ya moto yenye mbolea, inaweza kujiongeza mara mbili kwa juma mbili hivi. Piga hesabu: mimea 10, miezi sita, bila kitu cha kuizuia, inafika karibu 82.000. Na ile mbolea ni sisi tunaileta, udongo wa mashamba na maji ya vyoo vya miji. (Kama munatafuta mmea unaokaribia akili ya filamu, muangalie kuskuta, ule uzi wa manjano unaonyonya mimea mingine: utafiti uliotoka mu gazeti Science mwaka 2006 ulionyesha unanusa, unachagua nyanya na kuacha ngano.)

Walipigana nayo kwa mikono, kwa mashine, na watu walibishana sana juu ya dawa. Wabelgiji walishajaribu dawa kwetu Kongo, miaka ya 1950, wakati jasinti ilijaza mto mkubwa mpaka watu wakaiita kwa lingala « Kongo ya sika ». Walinyunyiza 2,4-D, walimaliza feza mingi, na majani ikarudi. Shida ya dawa ni hii: majani ikikufa kwa mara moja inaoza ndani ya maji, inamaliza oksijeni, samaki zinakufa, na watu wanakunywa yale maji.

Kile kilichosaidia sana ni wadudu wadogo, Neochetina, wanaotoka kule kwao majani. Uganda iliwaachilia mu ziwa Victoria mwaka 1995. Mkubwa anakula jani, mtoto wake anatoboa kikonyo, maji yanaingia, mmea unazama. Mwisho wa miaka ya 1990 majani ilipunguka sana. Wengine wanasema ni mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997-1998. Mimi naona vyote viwili: mdudu alidhoofisha, wimbi likamaliza. Lakini mto Kagera unaendelea kuleta mimea mipya, na Kisumu inaziba tena na tena.

Kwa sisi wa Aru shida iko hivi. Mpaka wetu na Uganda unafuata mgongo wa nchi: mvua ikinyesha upande wa Arua inaenda Nile, ikinyesha upande wetu inaenda Kibali, Uele, mpaka mto Kongo. Jasinti haiwezi kupanda ule mgongo yenyewe. Ni mtu ataibeba, ndani ya ndoo, juu ya maua yake au kwa kulisha nguruwe, aitie mu etangi yake ya samaki. Mvua moja ya nguvu, etangi inajaa, mmea uko mu mto. Na chini kule, Haut-Uele, kuko vituo vya umeme vya Nzoro II, Ambarau na Azambi, vinavyopatia mgodi wa Kibali umeme.

Ukiiona mu etangi, ingoe yote na mizizi mbele itoe maua, usiikatekate ndani ya maji, juu kipande chenye shina kinaota. Ianike mbali na maji mpaka ikauke kabisa, kisha choma. Halafu endelea kuchunga ile etangi, juu mbegu iliyoanguka mu matope inaweza kukaa hai zaidi ya miaka 15.