Gari kuukuu la familia: shika boneti kabla hujasikiliza injini

Shemeji yangu wa Kongowea ana watoto wanne, mama mwenye magoti mabovu na pesa alizodunduliza kwa miaka sita. Mapema mwaka huu akasema matatu zimemtosha. Anataka gari la juu la familia, SUV, linaloweza kufika kwao Kinango hata mvua ikinyesha. Mfukoni ana laki saba.

Kwa laki saba huagizi gari Japani. Kiwango cha KS 1515 cha shirika la KEBS hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na SUV iliyo chini ya umri huo, ushuru ukishalipwa, si ya mtu wa laki saba. Kinachobaki ni gari lililo mikononi mwa Mkenya mwenzake: X-Trail, Forester, RAV4, Harrier, CR-V, au Prado iliyochoka. Hata kama lilishukia Kilindini hapa kwetu, limeshaishi kwingine, na kule lilikoishi ndiko ziliko siri zake.

Alilolipenda shemeji lilikuwa limeishi Nyanchwa, mtaa wa mlimani mjini Kisii. Bei 650,000. Chapa yake sitaitaja kwa sababu, kama utakavyoona, kosa halikuwa la aliyeliunda. Tukapanda basi la usiku watu watatu: yeye, mimi na fundi wetu.

Tulipofika asubuhi, mwenye gari, mzee muungwana, alikuwa ameshaliosha na injini inanguruma.

"Karibuni wageni. Nimeiwasha ipate joto, huku kwetu kuna baridi."

Fundi akamwamkia, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa. "Mzee, tunashukuru. Ukituruhusu tutarudi kesho alfajiri. Tunaomba usiiwashe kabla hatujafika."

Shemeji alinitazama kama aliyeachwa na basi. Safari ya usiku kucha, na fundi hajafungua hata boneti! Lakini fundi alikuwa sahihi, na sababu yake ndiyo jambo la kwanza ambalo mnunuzi wa gari kuukuu anapaswa kulielewa.

Injini ikilala usiku kucha, oili yote hushuka chini. Ukiiwasha asubuhi, kwa sekunde chache vyuma vinazunguka vikingojea oili ipande, na katika sekunde hizo injini husema kweli. Cheni ya taimingi iliyolegea itagonga kama mnyororo ndani ya debe. Pistoni zilizolika zitabisha, kisha zitanyamaza zikipata joto na kutanuka. Sili za vali zikiwa zimekufa, oili iliyovuja usiku itaungua na kutoa moshi wa buluu kwenye eksozi, halafu moshi upotee. Mnunuzi anayefika saa nne na kukuta injini ya moto huwa ameyakosa yote hayo. Si lazima muuzaji awe tapeli. Mtu anaweza kuwasha gari kwa ukarimu tu, kama anavyochemsha chai ya wageni. Hata hivyo, rudi kesho.

Moshi mweupe asubuhi ya Kisii usikutishe peke yake. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kuna baridi na unyevu, na mvuke wa eksozi huonekana hata kwa injini nzima. Mashaka yaanze pale gari limeshapata moto na bado linatoa wingu jeupe lenye harufu tamutamu. Vivyo hivyo na ule utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili. Sisi wa Pwani tukiuona tunapiga kelele kwamba maji yameingia kwenye oili. Huko juu, gari linalokwenda sokoni na kurudi tu kila siku, bila kupata moto sawasawa, linaweza kuwa na utando huo kwa sababu ya jasho la baridi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya kwenye kijiti nayo ni nyeupe kama chai ya maziwa, hapo funga boneti uage.

Kuna kosa jingine ambalo fundi wa Mombasa anaweza kulifanya akiwa mlimani. Kipimo cha mgandamizo wa silinda husoma chini huko, maana hewa yenyewe ni nyepesi. Injini ambayo Mombasa ingetoa 180 psi, Kisii inaweza kutoa kama 150 ikiwa na afya ileile. Ukifananisha na namba za kitabu utaikataa injini nzima. Linganisha silinda na silinda: zikikaribiana, vizuri, moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, uliza kwa nini. Kwa sababu hiyohiyo, gari lisilo na tabo litapanda kilima cha Nyanchwa kwa uvivu kidogo kuliko ulivyozoea Nyali. Huo si ugonjwa.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtungi. Fundi akageuza ufunguo bila kuwasha injini, kuona kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeichomoa. Iliwaka, ikazima. Injini ikashika mara moja. Hakuna kugonga, hakuna moshi wa buluu. Shemeji akaanza kutabasamu.

Fundi hakutabasamu. Kabla ya kuwasha alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta, na ndani akakuta maji matupu ya rangi ya kutu. Sasa akaomba tuendeshe. Tukashuka hadi soko la Daraja Mbili, tukarudi juu, tukashika barabara ya Keroka. Mshale wa joto haukufika hata robo.

"Si ni jambo zuri hilo?" akauliza shemeji. "Halichemki."

"Themostati haimo, kaka."

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo. Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto wake, nyuzi 80 hadi 90 hivi kutegemea injini. Gari likianza kuchemka, mafundi wengi nchini hukimbilia kuking'oa. Maji yanazunguka muda wote, mshale unashuka, mteja anafurahi. Chanzo cha kuchemka, iwe ni rejeta iliyoziba, feni dhaifu au gasketi ya hedi iliyoungua, kinabaki palepale. Injini isiyopata joto lake hunywa mafuta zaidi, oili yake hukusanya maji na tope, na silinda hulika mapema. Na maji matupu bila kulanti huozesha mifereji ya alumini ndani ya hedi.

Katika baridi ya Kisii, gari la namna hiyo linaweza kuishi miaka bila kumuaibisha mwenyewe. Lilete Mombasa, nyuzi 32, AC imewashwa, watu sita ndani, foleni ya kivuko cha Likoni haisogei. Hakuna upepo wa kupita kwenye rejeta, kazi yote iko juu ya feni. Ndiyo maana gari lililotulia bara hufia mikononi mwa mtu wa Pwani mwezi wa kwanza, na kila mmoja anadhani amerogwa. (La kutoka Pwani kwenda bara lina balaa lake, kutu ya chumvi chini ya sakafu, lakini hiyo si injini.)

Mzee hakukana. Alisema fundi wake wa zamani alimwambia huku juu themostati haina kazi. Namwamini. Tukakubaliana: shemeji anunue themostati na kulanti mjini, fundi afunge, kisha gari lingurume limesimama hadi feni iwake yenyewe. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Feni iliwaka. Lakini mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umekazana kama tairi, na kwenye chupa ya maji viputo vilikuwa vinapanda mfululizo. Fundi akatoa kile kichupa chake chenye dawa ya buluu, akaiwekea mvuke wa rejeta. Ikageuka njano. Maana yake moshi wa silinda unaingia kwenye maji: gasketi ya hedi imepasua njia, au hedi yenyewe ina ufa.

Nimesema chapa haikuwa na kosa, lakini kila injini ina pale inapopenda kuumia, na ni vyema ulijue kabla ya kwenda. Prado za zamani zenye dizeli ya 1KZ-TE, zikichemka mara moja tu, hedi hupasuka. Uliza kama imewahi kubadilishwa. 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier na RAV4 nyingi, za mwanzo nyuzi za bolti za hedi hulegea kwenye bloku, na za baadaye hula oili. Toyota yenyewe, nchini Marekani, ililazimika kuwa na mpango maalumu wa kurekebisha ulaji wa oili kwa magari ya takriban 2006 hadi 2009. Forester zenye injini ya EJ hutumia belti ya taimingi, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, vali na pistoni hugongana. Bila risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa, na bei ishuke. X-Trail za kizazi cha 2007 zenye gia za CVT injini yake huwa nzuri kuliko gia, kwa hiyo usiisifu injini ukasahau kinachoifuata.

Kilomita za dashibodi mimi sizitazami sana. Zinarudishwa nyuma. Natazama kibandiko cha mwisho cha kubadilisha oili, kama kipo, na aina ya oili. Injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 5W-30 ukiikuta imejazwa 20W-50, kuna mtu alikuwa akificha moshi au kelele. Na rekodi ya umiliki iangalie kwenye tovuti ya NTSA kupitia eCitizen kabla hujakata tiketi ya basi.

Mzee alishuka hadi 520,000. Shemeji alitikisika, nilimwona. Fundi akamhesabia kazi ya hedi, gasketi na bolti mpya, kisha akasema hayo ni kama hedi haina ufa, na ufa hauonekani hadi uifungue. Tukaaga. Mzee akatupa ndizi za njiani.

Miezi miwili baadaye gari likatokea tena kwenye matangazo ya mtandaoni. Namba ilikuwa imefunikwa, lakini kibandiko cha shule kwenye kioo cha nyuma kilikuwa kilekile. Bei 580,000, na sasa liko Mtwapa. Shemeji alinitumia picha bila neno lolote. Yeye bado anatafuta. Juzi alikwenda Voi kuangalia X-Trail, akafika saa kumi na mbili kasoro robo.