Mkono wa Nani Umetoa Dawa?
Mama humpa mtoto mwenye homa parasetamoli alfajiri, kabla ya kuwahi daladala. Saa mbili asubuhi dada wa kazi, ambaye hakuambiwa, humpa tena. Kisha bibi, kwa huruma, huongeza dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli. Hakuna aliyezembea, lakini ini la mtoto hubeba jumla yake. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, kisizidi mara 4 katika saa 24. Saa ya kila dozi iandikwe kwenye karatasi iliyofungwa chupani. Mhudumu wa afya naye amuulize mzazi ni nani mwingine hushinda na mtoto. Ikishukiwa kuwa kipimo kimezidi, mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheza: dalili za ini kudhurika huweza kuchelewa siku nzima au zaidi.