Jeraha la Utumbo Mpana si Mwisho wa Utumishi

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya mwaka 1914 hadi 1918, wengi wa askari waliojeruhiwa utumbo mpana walipoteza maisha. Ilikuwapo imani kwamba risasi ya tumbo haina dawa. Imani hiyo haina msingi tena, na kuishika ni hatari, kwani humkatisha tamaa majeruhi na kuwalegeza wanaopaswa kumwokoa.

Utumbo mpana, wenye urefu wa kiasi cha mita moja na nusu, hufyonza maji na kuhifadhi kinyesi. Unapotoboka, vijidudu vya kinyesi humwagika tumboni na kusababisha uambukizo mkali. Ndiyo maana saa chache huweza kuamua uhai au kifo.

Mwaka 1944 Heneage Ogilvie, mpasuaji wa jeshi la Uingereza, alieleza funzo la vita vya jangwa la Afrika ya Kaskazini: sehemu iliyojeruhiwa isishonwe na kurudishwa ndani, bali itolewe nje ya tumbo. Tangu hapo ujuzi umesonga mbele. Siku hizi mpasuaji huondoa sehemu iliyoharibika na, hali ikiruhusu, huunganisha ncha zilizobaki papo hapo. Isiporuhusu, hufungua njia ya haja tumboni, na majeruhi huvaa mfuko, mara nyingi kwa muda tu. Hata ukiondolewa utumbo mpana wote, mtu huishi, kwa kuwa chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Ila itambidi anywe maji zaidi na asikose chumvi.

Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi ya tumbo mjini Vatikani tarehe 13 Mei, 1981. Wapasuaji walikata sehemu ya utumbo wake na kumfungulia njia ya haja, iliyofungwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Alitumikia wadhifa wake hadi alipofariki mwaka 2005.

Hata hivyo, kisu cha mpasuaji hakifai kitu iwapo majeruhi atachelewa kufikishwa. Wajibu wa mwenzake ni kumlaza chali magoti yamekunjwa, kutompa chakula wala kinywaji, kutorudisha ndani utumbo uliotoka bali kuufunika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, na kumkimbiza hospitali bila kukawia. Askari anayeyajua hayo amebeba uhai wa mwenzake mikononi mwake.