Mboya Wawili wa Ufuo Mmoja

Ukitaja Mboya, wengi humkumbuka Tom, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa kisiwani Rusinga. Yupo pia Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, aliyechapisha mwaka 1938 kitabu cha mila za Wajaluo kwa lugha yao wenyewe, *Luo Kitgi gi Timbegi*. Ni rahisi kudhani wawili hawa ni jamaa, maana wote ni wa ufuo mmoja. Jina peke yake halithibitishi hilo. Babake Tom aliitwa Leonard Ndiege, wala si Mboya. Kwa desturi ya Kijaluo mtoto hupewa jina la wakati aliozaliwa, kama Odhiambo, jina jingine la Tom, ambalo ni la jioni, au jina la marehemu wa ukoo.

Kuna atakayeuliza: mbona Raila Odinga alibeba jina la babake, Jaramogi Oginga Odinga? Ni kweli, ila mtindo huo ulikuja na shule, misheni na karatasi za serikali. Ukikutana na majina ya zamani, uliza kwanza baba ni nani na ukoo ni upi.